Trekta la Hedwiga na Irine

Injini ilishika trekta likiwa katikati ya mteremko. Lilitikisika, likakohoa moshi mweusi, kisha likaanza kunguruma kwa sauti nzito iliyofika mpaka ng'ambo ya mto, na watu waliokuwa wamejipanga kandokando wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameshushwa garini. Irine, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha chuma kisicho na mto, alikanyaga breki, akaweka gia huru, akapunguza mafuta. Halafu ndipo akacheka. Tangu alfajiri alikuwa hajacheka.

"Wifi, limewaka," Hedwiga alisema akija mbio, viatu mkononi. "Limewaka kweli."

"Limewaka. Lakini usije kwa mbele. Pita pembeni, nikuone."

Hedwiga alikuwa mke wa Nathanaeli, kaka yake Irine. Wanawake hawa wawili ndio waliolinunua trekta hilo kutoka shamba moja la mkonge upande wa Makanya lililokuwa linafungwa. Fedha nyingi zilikuwa za Hedwiga. Miaka yote ya shida, sabuni ilipokuwa ikigawiwa vipande na watu wakivaa viraka juu ya viraka, yeye alikuwa akishuka kutoka Mhezi na kahawa na maharage kichwani, anauza Same, anapanda tena na chumvi. Alipouza ng'ombe wake ili aongezee kwenye akiba hiyo, majirani kule mlimani walisema amerogwa. Nani ananunua trekta zee lisilo na stata ya kuliwasha, kwenye milima ambayo hata punda huipanda kwa dua?

"Haliji mlimani," aliwajibu. "Litakaa kijiji cha Kisiwani, tambarare. Na ninyi nyote mna mashamba huko."

Irine yeye alileta ujuzi. Alikuwa amefundishwa kuendesha trekta katika Jeshi la Kujenga Taifa, akawa msichana pekee katika kikosi chake aliyeweza kulima mstari ulionyooka kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho. Baada ya jeshi alirudi nyumbani na kwa miaka kadhaa hakuona trekta lolote zima. Yale ya ushirika yalikuwa yamesimama nyuma ya ghala, magurudumu yamenyofolewa, kuku wanataga kwenye injini. Siku Hedwiga alipomwambia kwamba kule kwenye mkonge kuna moja linauzwa pamoja na mashine ya kupukuchulia mahindi, Irine hakulala. Walikwenda wakakuta mashine imejaa viota vya ndege na trekta limechubuka rangi nyekundu likabaki na madoa kama mtoto mwenye surua. Irine alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akasema, "Tulichukue."

Mwaka ule vizuizi vya mahindi vilikuwa vimeondolewa barabarani. Si zamani sana, mtu aliyekutwa na magunia yake mwenyewe bila kibali alikuwa analala kituoni. Sasa malori yalikuwa yanakuja yenyewe mpaka shambani, na wenye malori hawakutaka magunzi. Walitaka punje safi ndani ya gunia. Mavuno ya vuli yalikuwa mazuri kuliko miaka mingi iliyotangulia. Chungu za mahindi zilikuwa kila ua, na watu walikuwa wanayapiga kwa fimbo mpaka viganja vinatoka malengelenge. Mfanyabiashara mmoja wa Moshi, Melkizedeki, alikuwa ameahidi kuleta lori lake Alhamisi. Alisema wazi kwamba masika yakishaanza na njia ikageuka tope jeusi, yeye hatarudi.

Alhamisi yenyewe ndiyo hiyo, na juu upande wa mlima Shengena wingu lilikuwa limeshakaa.

Irine aliliendesha trekta polepole hadi uwanja wa mahindi, akalisimamisha mbele ya mashine, akavuta breki ya mkono na kuweka mawe kwenye magurudumu. Alizima injini kabla hajagusa kitu chochote nyuma. Watu walilalamika. Injini iliyowashwa kwa taabu namna ile, anaizima?

"Uwanja huu nao una mteremko wa kutosha upande ule," aliwaambia. "Nikitaka itawaka. Lakini shafti hii siifungi injini ikiwa hai."

Shafti yenyewe ilikuwa chuma kirefu cha unene wa mkono wa mtu, chenye krosi, yaani maungio yanayojipinda, huku na huku, kinachotoka nyuma ya trekta na kuingia kwenye mashine. Ndicho kinachobeba nguvu ya injini. Trekta likiwa limezimwa mtu angeweza kukikalia chuma hicho na kula muwa. Kikizunguka, kinakwenda upesi hata jicho linadanganyika na kukiona kama kimetulia. Kinga yake ya kiwandani ilikuwa imepotea miaka mingi iliyopita, na watu wa mkonge walikuwa wakikitumia hivyo hivyo, uchi.

Irine alikuwa amekataa kukitumia bila kinga. Kwa sababu hiyo walichelewa, na Hedwiga alinung'unika njia nzima, mpaka fundi Omari, mtu wa Kigoma aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki kuwa mchomeleaji pale Same, alipopasua pipa la mafuta kwa urefu, akalikunja likawa kama handaki, akalitoboa matundu ya boliti. Bati hilo lilifunika shafti yote juu na pembeni. Asubuhi hiyo Omari alikuja mwenyewe na spana zake kulifunga kwenye mashine, akalipiga ngumi kuonyesha kwamba halitikisiki.

Kisha Irine alikusanya wote watakaofanya kazi. Aliongea kwa sauti ya kambini.

"Huku nyuma ya trekta hapiti mtu. Mnaomwaga mahindi, mnatoka upande wa kushoto, mnarudi upande wa kushoto. Mashine ikikabwa, mtu asitie mkono wala kijiti. Mnaniita, nazima, tunasubiri isimame kabisa, ndipo tunazibua. Na nguo."

Akawageukia wanawake.

"Nguo inayopepea sitaki kuiona. Wenye makoti, vueni. Wenye khanga, nataka suruali."

Wanawake waliguna. Suruali kwa mke wa mtu, mbele ya wazee wa kanisa, ilikuwa jambo la kuzungumzwa mwaka mzima. Hedwiga ndiye aliyeguna kwa nguvu zaidi.

"Irine, mimi ni mama wa watoto watano."

"Kambini kwetu kulikuwa na kijana wa Singida," Irine alisema. "Kamba ya koti lake tu, hii ya kufungia kofia, ndiyo iliyoshikwa. Mkono wake wa kulia tuliuzika sisi wenyewe. Wifi, nakuomba."

Walifikia mwafaka. Hedwiga angevaa suruali ya Nathanaeli ndani, na juu yake kitenge. Lakini kitenge hicho asikifunge fundo. Akikunje tu kiunoni na kukichomeka, ili kikivutwa kitoke. Hedwiga alikwenda nyuma ya ua akarudi akiwa mnene ghafla, watu wakacheka, naye akacheka pia, maana siku yake ilikuwa imefika na hakuna suruali ambayo ingeiharibu.

Trekta likasukumwa, likawaka tena, likarudi mahali pake, shafti ikafungwa na pini kuhakikishwa. Safari hii injini ilibaki inanguruma, na Irine hakumruhusu mtu yeyote ashike shafti ila yeye na Omari, gia ya nyuma, ile inayozungusha shafti, ikiwa imetolewa na Nathanaeli amewekwa mlinzi ili asiiguse yeyote. Hilo lilimkera Irine, kwa kuwa alikuwa ameshasema injini ikiwa hai hafungi. Lakini stata ilikuwa haipo na mteremko ulikuwa upande mwingine wa uwanja. Alipomaliza alifuta jasho, akapanda kitini, akasukuma gia ya nyuma taratibu, akaachia klachi.

Mashine iliamka. Kwanza ilisaga vumbi la miaka mingi na unyoya wa ndege. Halafu Irine aliongeza mafuta, mlio ukapanda, na mtu wa kwanza akamwaga debe la mahindi kwenye mdomo wa mashine.

Punje zilianza kumiminika.

Hakuna aliyekuwa tayari kwa wingi ule. Zilitoka kwa chini kama maji ya mfereji uliofunguliwa, za manjano na nyeupe, zikajaza gunia kabla aliyelishika hajalikunjua vizuri. Kwa upande wa pili magunzi matupu yaliruka yakatua mbali, na makapi yakapanda hewani yakawaka juani kama wadudu. Mzee mmoja aliyekuwa amepiga mahindi yake kwa fimbo wiki nzima alichota punje kwa mikono miwili, akazitazama, akazimwaga, akachota tena. Wanawake walianza wimbo wa kwaya, wakaubadilisha maneno hapo hapo ili trekta liingie ndani yake.

"Leteni," Hedwiga alikuwa anaita. "Leteni, leteni, msisimame."

Melkizedeki alifika na lori kabla ya saa sita. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya pama, na alizoea kukuta wakulima hawako tayari. Aliposhuka na kuona safu ya magunia yaliyokwisha kushonwa alivua kofia.

"Nani mwenye mashine hii?"

"Sisi," Hedwiga alisema, makapi yamemjaa kwenye kope. "Mimi na wifi yangu, yule pale juu."

Mchana Irine alizima injini ili ipumzike, na watu wakala makande wakiwa wamesimama. Nathanaeli, aliyekuwa mwalimu na asiyependa kukaa bure, aliona krosi za shafti zimekauka. Akachukua spana za Omari, akafungua bati, akapaka grisi vizuri. Alikuwa anarudishia bati pale Melkizedeki alipomwita aje kushuhudia mzani. Akaliweka juu ya vishikizo vyake, akatia boliti matunduni na kuzikaza kidogo kwa vidole, akaenda, akidhani atarudi sasa hivi.

Wingu lilikuwa limeshuka. Kule mlimani Mhezi haikuonekana tena, wala Chome. Upepo wa baridi ulifika uwanjani ukiwa na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Watu waliacha sahani, wakakimbilia madebe. Irine alilizunguka trekta kama kawaida yake, akatazama mawe, akatazama pini, akaona bati liko mahali pake. Walilisukuma, likawaka, likaunganishwa, kazi ikaanza upya kwa kasi.

Boliti zilikuwa zinajifungua moja baada ya nyingine, na katika kelele ile hakuna aliyezisikia.

Alichosikia Irine ni mlio mwingine, wa bati kugonga chuma, katakata, kisha kishindo. Aligeuka. Bati la Omari lilikuwa limelala chini, shafti inazunguka wazi juani. Na Hedwiga, mwenye debe begani, uso wote umecheka, alikuwa anapita upande wa kulia ili kufupisha njia, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa umejaa watu.

"Hedwiga!"

Hakusikia. Upepo uliinua upindo wa kitenge ukaupeleka juu ya shafti, nao ukashikwa.

Mguu wa Irine ulikuwa umeshafika mwisho wa klachi na mkono wake umevuta kishikio cha kuzimia. Nguvu ilikatika, lakini mashine ilikuwa nzito na haikusimama hapo hapo. Shafti ilizunguka, ikazunguka tena, ikivuta kitenge kama mtu anayekunja uzi kwenye kidole. Debe lilianguka. Hedwiga alizungushwa nusu duara, akapiga goti. Kisha kitenge chote kilimtoka kiunoni kwa mkupuo, kikajisokota kwenye chuma kikawa fundo gumu, na yeye akabaki amekaa chini kwenye magunzi, amevaa suruali ya kaki ya mumewe iliyofungwa kwa kamba ya katani.

Injini ilizimika. Kimya kilikuwa kikubwa mno hata ndege walisikika.

Irine aliruka chini, akamshika mabega. "Mkono. Nionyeshe mikono. Miguu je? Inua huu."

"Ninayo yote," Hedwiga alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alivitazama vidole vyake kimoja kimoja, akavifumba, akavifumbua. Halafu akakitazama kitenge pale kwenye shafti, kimebana hata maua yake hayatambulikani, akamng'ang'ania wifi yake. Irine alimkumbatia. Wote wawili walikaa chini kwenye magunzi mpaka Hedwiga alipomwachia.

Nathanaeli alikuja mbio, akaona bati, akaelewa. Alikaa chini kando yao. Hedwiga ndiye aliyeanza kusema.

"Baba Elia, suruali yako imenibana."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha mwingine, kicheko cha watu walioshikwa na hofu na sasa wameachiliwa, kikaenea uwanja mzima. Hata mzee wa kanisa alijifuta macho.

Melkizedeki alikuwa anatazama wingu. "Poleni sana, mama. Mungu ametenda," alisema kwa heshima. "Lakini mvua ile haitatusubiri. Kuna nusu ya lori bado. Kwa nini msiendelee hivi hivi, watu wakae mbali tu? Bati mtalifunga kesho."

Irine alifungua mdomo kumjibu, lakini Hedwiga alishasimama, ameshikilia kamba ya suruali kwa mkono mmoja.

"Ndugu yangu, mimi ndiye niliyekuwa na haraka kuliko wewe tangu asubuhi. Hapa hakizunguki kitu bila bati. Ukitaka kuondoka na nusu lori, ondoka."

Melkizedeki alilitazama lori, akamtazama Hedwiga. Akavua koti lake, akalitupa ndani ya lori na kukunja mikono ya shati. "Spana iko wapi?" aliuliza.

Walikata kitenge kwa kisu, kipande kwa kipande. Omari alikagua shafti yote, akatafuta boliti kwenye makapi kwa mikono, na zilizopotea akazifidia kwa za lori la Melkizedeki. Safari hii alizikaza yeye, Nathanaeli akazikaza tena juu yake, na Irine akapita na spana kuzijaribu zote. Hedwiga alifunga kamba mbili upande wa kulia wa trekta, kutoka mti wa karibu mpaka kwenye mashine, akasimama hapo mwenyewe na fimbo.

"Atakayevuka hapa nitamchapa," alitangaza, "hata akiwa mchungaji."

Kisha trekta likasukumwa na watu wote, mfanyabiashara na wakulima, likawaka kabla halijafika hata katikati ya mteremko, na kelele iliyopigwa hapo ilizidi ile ya asubuhi.

Kazi iliyofuata watu wa Kisiwani waliizungumza kwa muda mrefu. Madebe yalipita mkono kwa mkono kwenye mstari mmoja upande wa kushoto, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyegongana na mwenzake, na kwa kuwa hakuna aliyekimbia kazi ilikwenda upesi kuliko mwanzo. Mashine ilikabwa mara moja na hindi bichi. Irine alizima bila kuulizwa, wakasubiri, wakazibua, wakasukuma tena. Matone ya kwanza, makubwa na ya uvuguvugu, yalianza kupiga bati la mbele la trekta na kukauka papo hapo kwa joto la injini. Washonaji wa magunia walishona bila kutazama sindano. Wapakiaji walikuwa juu ya lori wakipokea, wakipanga, wakiita.

Gunia la mwisho lilipopanda, turubai lilivutwa juu yake na mbingu zikafunguka.

Dereva wa Melkizedeki hakusubiri. Lori lilitoka likiyumba, likapita mtoni kabla maji hayajashuka kutoka mlimani, likapanda ng'ambo na kupiga honi ndefu. Si mahindi yote yaliyopukuchuliwa. Chungu ya Nathanaeli mwenyewe ilibaki, imefunikwa majani ya migomba na mkeka, na hakuna aliyeona vibaya. Watu walikuwa wanacheza kwenye mvua, wazima wote.

Irine alikuwa bado juu ya trekta, amelowa, anasikiliza injini inavyopoa. Hedwiga alikuja kusimama karibu na gurudumu.

"Wifi, lile ulilolivuta pale mbele likazima, ni lipi?"

"Hili hapa."

"Na klachi ni ile ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Ulijuaje ufanye yote mawili kwa pamoja?"

"Afande alitufanyisha mpaka tukayaota. Trekta limesimama, tunakaa kitini, anapiga filimbi, tunakanyaga na kuvuta. Siku nzima."

Hedwiga alifikiri, maji yanamtiririka kidevuni. "Basi nami nipigie filimbi," alisema.

Walianza wiki iliyofuata, mvua ilipopisha kidogo na uwanja wa mpira wa shule ukakauka. Siku ya kwanza injini haikuwashwa kabisa. Hedwiga alikaa kitini, Irine akisimama mbali na kupiga makofi kwa kuwa filimbi haikupatikana, na kila kofi mguu na mkono wa Hedwiga vilikwenda pamoja, wanafunzi wamejaa madirishani wakihesabu. Siku ya pili waliliwasha. Trekta hilo lilikuwa na kiti kimoja tu, na Irine hakukubali kuning'inia kwenye madigadi juu ya gurudumu, kwa hiyo alitembea kando, mbali na magurudumu, akionyesha kwa mikono.

Hedwiga aliachia klachi ghafla, trekta likaruka kama mbuzi na kuzimika. Aliachia tena, likazimika tena. Alijipangusa viganja, akashika usukani, safari hii akauinua mguu polepole kama mtu anayemwondolea mtoto aliyelala shuka. Trekta lilisogea. Lilitembea mwendo wa bibi anayekwenda ibadani, likapita lango la mpira, na Hedwiga, shingo imenyooka, alikuwa anaimba.

"Mwisho wa uwanja unageuza," Irine alimwita. "Nikusaidie?"

"Niache," Hedwiga alijibu bila kugeuka, na akaanza kuzungusha usukani.